Njia ya Kwenda Ndarisa

Mimi ule muji sikuupenda hata siku moja. Nasema ile kwanza, ili kesho muntu asiseme Jeannette alikuwa anachekelea mambo ya bwana yake. Wapi! Mimi nilikuwa nalima maharagi peke yangu, mutoto mugongoni, na yeye iko kwenye masomo na watoto makumi tatu, wanajenga muji ndani ya kaye, ile daftari ya masomo.

Muji iliitwa Ndarisa, na inchi yake Lumeya. Usipoteze macho yako kwenye ramani, haiko. Faustin njo aliitunga. Alikuwa mwalimu wa mwaka wa sita kwenye masomo ya misioni, kwenye vilima vya juu ya Rubaya, na programu ilimuomba afundishe jografia ya muji mukubwa wa Ulaya. Vitabu vililiwa na panya tangu wazungu waondoke. Mwalimu mwingine angeandika kitu yoyote ubaoni na kwenda zake kunywa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Lakini bwana yangu alikuwa muntu wa kunyooka mpaka inachosha. Aliniambia: "Jeannette, siwezi kufundisha muji sijaiona, nijifanye naijua. Ile ni uongo. Afazali tutunge ya kwetu, na kila mutoto ajue kama tunaitunga."

Basi wakaitunga. Ndarisa ilikuwa na wakaaji elfu mia sita na mutoni mukubwa katikati, na daraja tatu za chuma. Upande wa jua kutoka kulikuwa mutaa wa Kartie Baridi, watu walioshuka milimani, wauza viazi na maziwa. Kila asubuhi walikuwa wanagombana na polisi juu ya ngombe zao kusimama mbele ya tramu, ile treni ndogo ya barabarani. Upande wa pili, Kartie Musitu, watu wa mafuta ya mawese na nyama ya kukausha, na mbao zote za muji walipasua wao. Kwenye bandari, wavuvi. Nyuma ya bandari, Waarabu na Wahindi wenye maduka ya nguo, na musikiti wao uligusana ukuta na kanisa letu, hata padri na imamu walikuwa wanaazimana ngazi ya kutengeneza bati. Tramu namba ine ilipita kartie zote, na ndani yake ukikanyaga muntu muguu, uliomba pole katika luga sita. Mutoto mumoja, Anne, aliandika sheria ya ndoa: kijana wa Kartie Baridi akioa binti wa Musitu, mama wakwe wote wawili wanawalisha mwezi muzima, kila mumoja anataka kushinda mwenzake. Njo maana wanaume wa Ndarisa walikuwa wanene.

Nitasema kweli. Siku moja nilipita kwenye dirisha na jembe begani, nikasikia wanaandika kama watu wa Musitu wanauza asali wakati wa mvua kubwa. Nilishindwa kunyamaza. Mimi ni mutoto wa Itebero, nimezaliwa musituni kule Walikale, na hakuna muntu anapanda muti ya asali na mvua ile inateleza. Niliingiza kichwa nikawaambia. Wakafuta, wakaandika vizuri, na Faustin akacheka mpaka machozi. Tangu pale hata mimi, na hasira yangu yote, nilijua ile muji kona kwa kona.

Sasa kosa. Kwetu muntu akifika kwenye kilima ya wengine, haanzi kulima tu. Anapeleka kuku na mutungi wa kasiksi kwa mwenye udongo, yule ambaye babu zake walifyeka wa kwanza. Mwenye udongo akikula ile kuku, anakuonyesha shamba na fimbo yake, na kutoka siku ile uko muntu wa pale. Kama kuku haikuliwa, utazeeka pale na utabaki mugeni. Watoto wanajua ile mbele ya kujua kusoma. Basi mumoja akauliza: "Mwalimu, mwenye udongo wa Ndarisa iko nani?" Faustin akafikiri, akasema muji mukubwa haina, kila muntu ametoka kwingine. Wakaandika na wino: *Ndarisa haina mwenye udongo. Kila muntu alikuja.*

"Futa ile," nilimuambia siku aliponisomea.

"Nifute juu ya nini? Ni muji ya kutunga."

"Faustin, watu wanauana juu ya nani alikula kuku ya nani, na wewe unaandika vile?"

"Ni somo, Jeannette."

Hakufuta. Kichwa ya mwalimu! Ilikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa makumi sita na ine, na vita ya udongo ilikuwa inaruka kilima kwa kilima. Huku wale ambao babu zao walifyeka wa kwanza walisema: "Sisi njo wenye udongo." Kule watu wa Kinyarwanda walisema: "Babu zetu nao walizikwa hapa." Watu wa Faustin walikuwa wa Kinyarwanda. Babu yake alitoa kuku zamani, kila muntu aliijua, lakini muzee aliyeikula alikufa, na watoto wa yule muzee walianza kusema hawajasikia habari ya kuku yoyote.

Siku ya pili ya juma, saa ine asubuhi, tuliona moshi kwa jirani yetu Mbonigaba. Nilifikiri anachoma majani. Kisha nikasikia bibi yake anapiga kelele. Sikungoja. Nilichukua sufuria, blanketi, unga wa mihogo, nikafunga Rosalie mugongoni, nikamuvuta Faustin na shati. Tutakwenda kwetu, nilimuambia, kwa mama, Itebero. Siku tano za miguu kama tunakwepa barabara. Yeye alirudi ndani kidogo, akatoka. Sikumuuliza alifuata nini. Ningejua, ningetupa ile kitu mutoni, na yeye nyuma yake.

Siku mbili tulipita kwenye migomba na vichaka. Siku ya tatu mvua ilijaza mutoni, na palikuwa na daraja moja tu, na kwenye daraja bariere. Muti umelazwa katikati ya njia, vijana kumi na mikuki na mapanga, bunduki moja. Tulipowaona, nao walikuwa wameshatuona. Kama unakimbia, umejibu mbele ya kuulizwa. Tukajipanga nyuma ya wengine.

Muntu aliyetutangulia alikuwa muzee na kofia ya majani. Walitazama karte yake ya kitambulisho, wakamupeleka nyuma ya nyumba ndogo ya bariere. Nilisikia. Sitasema nilisikia nini. Maziwa yangu yalikauka saa ileile. Rosalie alivuta, akavuta, akaacha, akaanza kulia. Niliona haya kwa kile kilio mbele ya watu, kama vile haya ilikuwa na maana pale. Nilikuwa naomba Bikira Maria jambo moja tu: wasimuguse Faustin. Mimi wanifanye wanachotaka, lakini wamuache bwana yangu.

Mukubwa wa bariere walimuita Sebahire. Alikuwa muntu wa miaka makumi tatu hivi, koti ya askari bila vifungo, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alisoma karte ya Faustin, akasoma jina ya baba yake. Kijana mumoja akapapasa Faustin kifua, akatoa kaye chini ya shati. Kaye ya Ndarisa! Yesu wangu, nilitaka kumuuma na meno, pale pale, bwana yangu mwenyewe.

Sebahire alifungua. Alijua kusoma, ile njo ilikuwa bahati mbaya yetu.

"Hii muji iko wapi?"

"Haiko, mukubwa," Faustin alisema. "Ni somo ya jografia. Tuliitunga na watoto."

"Mulitunga tramu?"

"Ndiyo."

"Mulitunga kambi ya askari elfu ine?"

"Muji mukubwa inakuwaka na kambi, mukubwa."

Sebahire akageuza ukurasa, akakuta ramani, daraja zote tatu na mishale. Akatazama daraja letu, akatazama ramani tena. Kisha akafika pale. Alisoma na sauti, polepole, kidole chini ya maneno: "Ndarisa haina mwenye udongo. Kila muntu alikuja."

Mwenye bunduki alitema mate chini. "Njo hii," alisema. "Njo mipango yao yenyewe. Wanataka kufuta wenye udongo, na wameshaandika."

"Ni somo," Faustin alisema. "Naapa mbele ya Mungu, haiko."

Wawili wakamushika mikono. Walianza kumuvuta, nyuma ya ile nyumba, kule walikomupeleka muzee. Yeye alikuwa anarudia: haiko, haiko, ni kutunga. Kila alipoirudia niliona wanazidi kukasirika. Muntu gani anabeba chini ya shati, siku tatu, ndani ya mvua, kitu ambayo haiko? Hata mimi singeamini. Kweli yake ilikuwa inamuua.

"Iko!" nililia. "Muachie! Muji iko!"

Wakasimama.

"Anaogopa njo anasema haiko. Mimi ninaijua. Nilizaliwa karibu. Unapita Mpofi, unafika Itebero, pale unaacha barabara, unaingia musituni, jua ya asubuhi mugongoni, siku tano. Unakuta mutoni mukubwa na daraja za chuma."

Ayi, ulimi! Sikujua nina ulimi kama ule. Maneno yalikuja yenyewe, na majina ya kweli ndani, na nilisikia vile yanafaa. Faustin alinitazama, akafungua kinywa. Nilijua ataniambia nini: Jeannette, usidanganye. Mbele ya mapanga! Nilipeleka mukono nyuma nikafinya Rosalie kwenye paja na nguvu zangu zote. Mutoto alilia kilio ya kufunika dunia, na kinywa ya Faustin ikafunga. Mungu anisamehe ile alama, ilikaa juma nzima.

"Na mwenye udongo?" Sebahire aliuliza. "Iko ao haiko?"

"Iko. Watoto walisahau kumuandika, watoto ni watoto. Ni muzee, anaitwa Ndarisa, na muji imebeba jina yake. Kila muntu anayefika anamupelekea kuku. Yeye anaikula."

"Hata sasa?"

"Hata sasa. Haulizi umetoka wapi. Anauliza muko vinywa ngapi, anakuonyesha pa kujenga."

Sebahire alifunga kaye. Aliwaambia vijana: "Mungoje." Akanishika mukono, akanivuta mpaka pembeni, kwenye mawe ya daraja, mbali na masikio yao. Nilijua imefika zamu yangu. Nilifungua kitambaa ili nimuachie Faustin mutoto. Lakini yule muntu aliinama, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama," alisema, "muntu mwenye baba wa huku na mama wa kule. Wanamuweka kartie gani?"

Nilimutazama. Njo nikaelewa kwa nini macho yake hayalali. Vijana wale hawakujua. Siku wangejua, hata yeye angepita nyuma ya ile nyumba.

"Wale njo wengi kule," nilimuambia. "Kartie yao njo kubwa kuliko zote. Tramu namba ine inaanzia kwao."

Aliitikia na kichwa mara nyingi. Kisha akarudi, akapigia vijana kelele kama hawa ni watu wa Walikale, wapite, wanatufungia njia bure. Kaye akabaki nayo. Aliweka ndani ya koti yake.

Tulitembea mpaka daraja ikapotea nyuma, njo nikakaa chini nikaangalia paja ya Rosalie. Faustin hakukaa. Alikuwa amesimama njiani, mikono inaning'inia.

"Umemudanganya njia," alisema.

"Uko hai."

"Umesema siku tano. Umesema jua mugongoni. Muntu anaweza kuifuata, Jeannette."

"Uko hai, mujinga wewe!" Nilimupiga kifua na ngumi zote mbili, nikalia, na yeye akaniachia nipige.

Itebero mama alitupokea, na kaka yangu Édouard akatupatia kipande ya shamba. Hapakuwa bariere. Lakini woga ilikuja nasi. Faustin hakufundisha tena. Muntu akikohoa njiani, alikuwa anaingia nyuma ya nyumba, na kule nyuma alikuwa anasimama wima, ukuta mugongoni, mpaka niende kumushika mukono na kumuambia ni jirani tu, anapeleka mihogo yake. Yule muntu wa kunyooka! Nilikuwa namuonea huruma na kumukasirikia kwa mara moja.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja nilikuwa natwanga sombe, majani ya mihogo, mbele ya mulango, nikaona watu watatu wanapanda kutoka mutoni. Mwanaume mbele, panga mukononi. Koti bila vifungo. Mutwangio uliniponyoka. Nilimujua mbele ya kuona uso.

Nilifikiri: amesikia. Amejua haiko, amekuja kumaliza kazi. Nilitaka kuita Faustin akimbie, na sauti haikutoka.

Lakini nyuma yake alikuwa mwanamuke na mutoto mugongoni na kuku chini ya mukono, jogoo mweupe, amefungwa miguu na kamba ya mugomba. Miguu ya yule mama ilikuwa imepasuka.

"Mama Jeannette," Sebahire alisema. Alikuwa amejua jina yangu kwa watu wa njiani. "Tumefika. Hii ni bibi yangu, Vestine. Wale vijana walijua mambo ya mama yangu. Tulitoka na nguo tuliyovaa." Akacheka kidogo, kama muntu amesahau kazi ile inafanywa vipi. "Nionyeshe pale njia inaanzia."

Nilitazama panga. Nilimutazama mutoto. Alikuwa na umri wa Rosalie. Nikafungua kinywa nimuambie: baba, haiko, nilikudanganya, kaeni hapa, tutawapa udongo kidogo. Maneno yalikuwa tayari, naapa. Lakini nilimukumbuka muzee wa kofia ya majani, na yale niliyosikia nyuma ya ile nyumba. Yule muntu, aliyefanya ile, nikimuambia ameacha yote na kutembeza mutoto njia yote hii juu ya uongo wangu, atafanya nini?

Njo Faustin akatoka ndani. Safari hii hakujificha, sijui kwa nini. Nilisema: sasa basi. Huyu atasema kweli. Hajawahi kusema kitu kingine. Atasema haiko, ni somo, na Sebahire atamukata kwenye mulango ya mama yangu.

"Mwalimu," Sebahire alisema. Akatoa kaye ndani ya koti, imelowa, imekauka, imevimba. "Nimeisoma yote. Mara tatu. Nimesomea wengine pia, kwenye njia. Wako nyuma yetu, siku moja hivi. Nionyeshe."

Faustin alitazama kaye. Alitazama panga. Kisha akainua mukono akaonyesha musitu.

"Pale, kwenye miti mbili. Jua ya asubuhi mugongoni. Siku tano."

"Aksanti, mwalimu."

"Mukifika kwenye daraja, muulize tramu namba ine."

Vestine alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Aliniuliza kama maji iko njiani. Nilimuambia iko. Kaka yangu Édouard ni muwindaji, na yeye anaendaka siku moja tu kule, anarudi, kwa sababu hakuna njia mbele. Nilimupatia mihogo ya kuchoma, sita. Waliingia kati ya ile miti mbili, na kwa muda kidogo nilisikia jogoo analia, kisha nikakosa kumusikia. Ningeweza kuita. Sauti ilikuwa imerudi. Nilisimama pale mpaka sombe ikakauka ndani ya kinu, na sikuita.

"Wale walio nyuma," nilimuambia Faustin siku ile saa ya kula, "tutawaambia kweli. Wale hawana ubaya na sisi. Ni watu wanakimbia kama sisi, na watoto mugongoni. Tutawaambia."

Alikuwa ameweka mikono ndani ya bukari, ugali yetu ya mihogo, na hakula.

"Tukiwaambia, mumoja atakimbia kumurudisha Sebahire," alisema. "Naye atarudi na panga yake."

Kesho yake saa tatu walifika. Niliwahesabu wanavuka mutoni, kumi na mumoja, watoto wane ndani, na kila nyumba na kuku yake. Nilikuwa mulangoni, natafuta mate ya kusemea. Faustin alikuwa ameshashuka kuwakuta. Nilimuona anawasalimia mumoja mumoja, vizuri, vile alikuwaka anasalimia wazazi wa wanafunzi, kisha akageuka, akainua mukono, akawaonyesha njia.